Kesi imeisha, lakini nani atalipa gharama?



Mzee mmoja wa hapa Isiolo, mfanyabiashara wa ng'ombe na mbuzi ambaye jina lake nitalihifadhi, alinifuata msikitini baada ya swala ya Alasiri akiwa na bahasha mkononi. Uso wake ulikuwa umesawijika. "Mwanangu," akaniambia, "wewe umezoea karatasi za mahakama. Nisomee hii. Mimi sina kesi na mtu."

Nikaisoma. Ilikuwa hesabu ya gharama za kesi iliyoandikwa na wakili wa jirani yake, ikidai shilingi laki moja na elfu themanini. Kesi yenyewe ilihusu mpaka wa ploti, na mzee ndiye aliyeshtaki. Baada ya miezi kadhaa wazee wa mtaa pamoja na imamu waliwakalisha chini, wakapatana, wakapeana mikono na kusoma Fatiha. Mzee akaiandikia mahakama barua ya mistari miwili kwamba anaiondoa kesi yake, kisha akarudi kwa mifugo yake akijua mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Katika kikao kile cha suluhu watu walizungumza mpaka, ua, mti wa mwarobaini na heshima ya majirani. Hakuna aliyeuliza swali moja dogo: na gharama za kesi je?

Mimi si wakili. Nina stashahada yangu tu na miaka mingi ya kukaa kwenye mabenchi ya mahakama nikiandika habari, kuanzia kwetu Pwani hadi huku kazi iliponileta. Lakini jambo hili nimeliona likiwaumiza watu wengi, walioshinda na walioshindwa, na nadhani linastahili kuelezwa kwa lugha ya kwetu.

Gharama zenyewe ni zipi?

Tuanze na kutofautisha mifuko miwili ambayo watu huichanganya. Mfuko wa kwanza ni ule wa wewe na wakili wako. Umempa kazi, lazima umlipe, ushinde au ushindwe. Sheria ya Mawakili ya Kenya inaruhusu mkubaliane malipo kwa maandishi, lakini hairuhusu mkataba wa kusema wakili atalipwa tu iwapo kesi itashinda. Kwa hivyo anayekuambia "usijali, tutagawana tukishinda" anakupa ahadi isiyo na mguu wa kusimamia mahakamani.

Mfuko wa pili ni ule wa wewe na mpinzani wako. Huu ndio mahakama huuzungumzia hakimu anaposema mwisho wa hukumu, "pamoja na gharama". Hapa anaagizwa mmoja amrudishie mwenzake sehemu ya alichotumia: ada za kufungua kesi, malipo ya wakili kwa kiwango kilichowekwa kisheria, nauli za mashahidi, ada za kupeleka stakabadhi na mengineyo.

Mfuko wa pili haujazi wa kwanza. Kiwango anachoweza kudai wakili kwa mteja wake, ikiwa hawakuandikiana makubaliano, kwa kawaida ni kile cha mpinzani kikiongezwa nusu yake. Ndiyo maana mtu hushinda kesi, akapewa na gharama, na bado akatoka na deni kwa wakili wake. Anadhani ameibiwa, kumbe hakuna aliyemwambia mapema kwamba hesabu ni mbili.

Kanuni: gharama hufuata matokeo

Msingi wa haya yote Kenya ni kifungu cha 27 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, ile ya Sura ya 21. Kinasema mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, gharama ni hiari ya mahakama: hakimu au jaji ndiye anayeamua nani alipe, kiasi gani, na zitoke kwenye mali gani. Pili, gharama hufuata matokeo ya kesi, isipokuwa mahakama ikiwa na sababu nzuri ya kuamuru vingine.

Maana yake, aliyeshinda hupewa na aliyeshindwa hulipa. Hilo ndilo la kawaida. Hakimu akitaka kumnyima mshindi gharama zake, inampasa awe na sababu, wala si kwa sababu ameamka hivyo.

Mahakama ya Juu ililifafanua jambo hili mwaka 2014 katika mzozo wa familia ya Rai, kesi ambayo mawakili wetu huitaja karibu kila suala la gharama linapozuka. Majaji walieleza kwamba aliyeanzisha kesi hubeba gharama ikiwa kesi yake itaanguka, na akionyesha kwamba alikuwa na sababu ya haki ya kuja mahakamani, basi mzigo humwangukia mwenzake. Lakini wakasisitiza kuwa jambo kuu ni hiari ya mahakama, ikitumiwa kwa busara na kwa kutazama mazingira ya kila kesi na lengo la haki.

Jambo moja hapa watu hulikosea. Gharama si faini. Anayelipa haadhibiwi kwa kuwa mtu mbaya. Anamfidia mwenzake kwa usumbufu na matumizi ya kuletwa mahakamani au kulazimishwa kwenda. Ukilielewa hilo, hutaona ajabu kwamba hata kesi iliyotupwa kwa sababu ya kufunguliwa katika mahakama isiyo na mamlaka nayo inaweza kukuletea gharama. Kifungu hicho hicho kinasema wazi kwamba mahakama kukosa mamlaka ya kusikiliza kesi hakuizuii kutoa amri ya gharama. Umekosea mlango, lakini mwenzako ameshaweka wakili.

Si kila nchi hufanya hivi. Sisi tumerithi desturi ya Uingereza, ambako aliyeshindwa hulipa. Marekani kanuni ya kawaida ni kwamba kila mtu amlipe wakili wake, ashinde au ashindwe, isipokuwa sheria maalumu au mkataba useme vingine. Kila mfumo una maumivu yake. Wa kwao mwenye haki huweza kutoka mtupu. Wa kwetu humtisha maskini asithubutu hata kubisha hodi.

Lini kila mtu hubeba mzigo wake?

Sababu nzuri za kuacha kanuni zipo, na majaji wamezitaja katika kesi nyingi. Wanaangalia mwenendo wa wahusika, kiini cha mgogoro, kilichosababisha kesi ifunguliwe, hatua iliyofikiwa kesi ilipoisha, jinsi ilivyoisha, uhusiano wa wahusika, na haja ya kuleta maelewano. Hili la maelewano lina nguvu ya Katiba, maana ibara ya 159 inaziagiza mahakama kukuza suluhu, upatanishi na njia za jadi za kumaliza migogoro.

Mfano ambao kila Mkenya anaujua ni kesi za urais. Mwaka 2013, 2017 na 2022 Mahakama ya Juu ilisikiliza kesi za kupinga matokeo. Mara tatu walalamishi walishindwa, mara moja wakashinda. Mara zote amri ilikuwa kila upande ubebe gharama zake, kwa kuwa lilikuwa jambo la umma. Usidhani lakini kwamba kesi zote za uchaguzi ziko hivyo. Sheria ya Uchaguzi inasema gharama zifuate matokeo, na anayepinga ushindi wa mbunge au gavana huweka kwanza dhamana ya shilingi 500,000. Wa mwakilishi wa wadi huweka 100,000. Wapo walioingia kwa kelele za wafuasi na kutoka wakitafuta wa kuwachangia.

Kesi za familia nazo mara nyingi huishia kila mtu na lake. Ndugu wanaogombania urithi, mume na mke waliotalikiana, mahakama huona kwamba kumtoza mmoja ni kumwagia mafuta moto. Hata mbele ya kadhi, ambako Waislamu hupeleka mambo ya ndoa, talaka na mirathi, busara hiyo ina nafasi yake. Lakini busara si haki ya moja kwa moja. Ukimburuta dada yako miaka mitano kwa hati ulizojua ni za uongo, usitegemee neno "ndugu" likuokoe.

Mwenendo hata kabla ya kesi unahesabika. Kanuni zetu zinamtaka mdai aambatanishe nakala ya barua ya madai aliyompelekea mwenzake kabla ya kushtaki. Barua hiyo si urembo. Usipoiandika, mwenzako atasimama na kusema: angeniomba ningempa, kwa nini nilipe gharama za safari ambayo haikuwa na haja? Na mara nyingi atasikilizwa.

Kesi ikiisha bila hukumu

Sasa turudi kwa mzee wetu, maana hapa ndipo wengi hukanyaga mwiba.

Kesi inaweza kuisha kwa njia nyingi ambazo si hukumu. Inaweza kuondolewa na aliyeifungua. Inaweza kumalizwa kwa mapatano. Inaweza kutupwa kwa sababu mdai amelala, maana mwaka mmoja ukipita bila hatua yoyote kuchukuliwa, mahakama inaweza kukutaka ueleze kwa nini kesi isifutwe. Katika kila njia, swali la gharama hubaki likisubiri jibu.

Kuondoa kesi kunatawaliwa na Agizo la 25 la Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010. Kabla kesi haijapangiwa tarehe ya kusikilizwa, mdai anaweza kuiondoa kwa barua tu, bila kumwomba mtu ruhusa. Ikishapangiwa, inahitaji maandishi yaliyotiwa saini na wahusika wote, au ruhusa ya mahakama. Mpaka hapo ni sawa. Lakini agizo hilo hilo linaendelea: kesi ikiondolewa yote, mdaiwa akiomba kwa maandishi, itatiwa saini hukumu ya gharama kwa faida yake. Na ukifungua tena kesi ya jambo lile lile kabla ya kulipa gharama za mwanzo, mahakama inaweza kuisimamisha mpaka ulipe.

Kwa hivyo barua ya mistari miwili aliyoiandika mzee, kwa nia njema kabisa, kisheria ilisomeka kama mtu aliyekimbia uwanjani. Suluhu ya wazee haikuwa ndani ya faili. Fatiha haikuwa ndani ya faili. Kilichokuwa ndani ya faili ni kwamba mdai ameacha kesi na mdaiwa alikuwa ameweka wakili.

Dawa yake ingekuwa rahisi. Mapatano yangeandikwa karatasi moja, pande zote mbili zikatia saini, ikasema wazi: kesi imemalizwa kwa makubaliano, mpaka ni huu, na kila upande utabeba gharama zake. Kisha karatasi hiyo ingewasilishwa mahakamani irekodiwe kuwa amri. Sentensi moja tu hiyo ya mwisho ingemwokoa mzee laki moja na elfu themanini.

Na si lazima iwe kila mtu na lake. Mnaweza kukubaliana mmoja alipe zote, au nusu, au kiasi maalumu kwa tarehe maalumu. Muhimu ni iandikwe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na suluhu bila daftari ni hivyo hivyo.

Kiasi gani, na nani hukihesabu?

Mahakama ikishasema nani alipe, bado hakijajulikana kiasi. Katika Mahakama Kuu kazi hiyo hufanywa na naibu msajili. Aliyepewa gharama huleta hesabu yake, kipengele kwa kipengele, na mwenzake hupewa nafasi ya kuipinga. Katika mahakama za mahakimu gharama hukadiriwa huko huko kwa kufuata jedwali lao. Viwango vimewekwa katika Agizo la Malipo ya Mawakili, lililofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2014.

Kipengele kizito kuliko vyote huwa ni malipo ya wakili kwa kuichukua kesi. Haya hupimwa kwa thamani ya kinachogombaniwa, na Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 2002, katika kesi ya Joreth dhidi ya Kigano, kwamba thamani hiyo hutafutwa kwenye hati za madai, kwenye hukumu au kwenye mapatano. Funzo lake kwa mtu wa kawaida ni hili: ukiandika unadai milioni kumi ili kumtisha mwenzako ilhali haki yako ni laki nne, ukishindwa utahesabiwa gharama kwa kipimo chako mwenyewe.

Usiikubali hesabu kwa kuwa imepigwa chapa vizuri. Uliza risiti ya kila nauli. Uliza kama kikao kinachodaiwa kilifanyika kweli, maana faili lina kumbukumbu za tarehe zote. Kanuni zenyewe zinamwadhibu anayetia chumvi: ikikatwa zaidi ya sehemu moja ya sita ya jumla ya hesabu, ukiacha ada za mahakama, aliyeileta hunyimwa malipo ya kazi ya kuiandaa na kuitetea. Na usiporidhika na uamuzi wa naibu msajili, una siku 14 za kumwandikia ukitaja vipengele unavyopinga na kuomba sababu zake. Ukishapata sababu, una siku nyingine 14 za kwenda kwa jaji. Siku hizo zikipita, mlango hufungwa na kuufungua tena ni kazi.

Kuna kesi nyingine ya zamani ambayo bado inaongoza mambo haya. Mwaka 1972 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Premchand Raichand dhidi ya Quarry Services, iliweka mizani. Aliyeshinda arudishiwe kwa haki alichotumia. Mawakili walipwe vya kutosha ili kazi yao iendelee kuvutia watu. Viwango vifanane kadiri inavyowezekana. Na kubwa zaidi: gharama zisipandishwe hadi mahakama ikawa mahali pa matajiri peke yao. Zaidi ya miaka hamsini imepita, na sijasikia lililo bora kuliko hilo.

Kulipa na kulipwa

Deni la gharama ni deni kama deni jingine. Mahakama inaweza kuliongezea riba isiyozidi asilimia 14 kwa mwaka. Asiyelipa anaweza kutumiwa dalali wa mahakama. Hata hivyo sheria imeweka mipaka: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya familia, na vifaa vya kazi ya mtu haviguswi. Kwa mkulima, hata mifugo ya thamani ya shilingi elfu kumi za mwanzo imelindwa. Kiwango hicho kimezeeka. Leo ni bei ya mbuzi mmoja au wawili, na kwa kaunti ya wafugaji kama hii yetu ni kinga ya kitambaa kwenye mvua kubwa. Hilo ni jambo ambalo wabunge wetu wa kaskazini na wa Pwani wangelifanyia kazi.

Na ukishinda dhidi ya serikali? Hapa usiende na dalali. Sheria ya Kesi Zinazohusu Serikali, ambayo tangu 2015 inazikinga na serikali za kaunti, inakataza kukamata mali ya umma. Utaomba cheti cha amri kutoka mahakamani, ukipeleke kwa ofisi inayohusika, na wakikaa kimya utafungua maombi mengine ya kumlazimisha afisa mhusika alipe. Ni safari ndefu. Nawajua watu ambao gharama walizopewa bado ziko kwenye karatasi.

Hofu ya gharama na haki ya wengi

Nimeyaandika haya nikiwa Isiolo kwa sababu mji huu unajua maana ya watu wadogo kwenda mahakamani. Mwaka 2021 wanajamii 165 walifungua kesi kupinga jinsi hifadhi za wanyamapori zilivyoanzishwa kwenye ardhi yao ya malisho, na upande wa pili ulikuwemo shirika la Northern Rangelands Trust. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwamba hifadhi za Biliqo Bulesa na Cherab zilianzishwa kinyume cha sheria. Kwetu Lamu pia, wavuvi walisimama dhidi ya mradi wa bandari wa LAPSSET, mradi ule ule ambao barabara yake inakuja mpaka hapa, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Jiulize: kabla ya kutia saini hati za kesi kama hizo, mfugaji wa Merti au mvuvi wa Lamu anawaza nini usiku? Anawaza, tukishindwa, hawa wakubwa na mawakili wao watatudai sisi? Kitauzwa nini?

Katiba ya 2010 imejaribu kuiondoa hofu hiyo. Ibara ya 22 inasema hakuna ada ya kufungua kesi ya kutetea haki za msingi. Ibara ya 48 inataka ada yoyote ya mahakama iwe ya kiasi, isimzuie mtu kupata haki. Na kanuni za 2013 zinazoongoza kesi hizi zinasema kwamba katika kuamua gharama, mahakama ihakikishe kila mtu anaweza kuifikia. Afrika Kusini nao walifika hapo: mwaka 2009, katika kesi ya shirika la Biowatch, Mahakama yao ya Katiba ilisema anayeishtaki serikali kwa jambo la kikatiba kwa nia safi, akishindwa, kwa kawaida asitozwe gharama za serikali, na akishinda alipwe zake.

Lakini ndugu msomaji, kinga hii si ya kila anayeandika "haki za umma" juu ya madai yake ya binafsi. Majaji wanajua kutofautisha kijiji kinachotetea kisima chake na mtu anayetetea zabuni yake. Ukitaka kinga hiyo, iombe wazi tangu kwenye hati zako na tena mwisho wa kesi. Jaji hawezi kutumia hiari yake kwa jambo ambalo hakuna aliyemwambia.

Asiye na uwezo kabisa naye ana milango. Agizo la 33 la kanuni zile zile linaruhusu maskini kuomba afungue kesi bila kulipa ada. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 imeunda huduma ya taifa ya kuwasaidia wasio na uwezo. Na kwa madai ya pesa yasiyozidi shilingi milioni moja, ipo Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria yake inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60 na ambako mtu anaweza kujisemea mwenyewe. Kesi fupi ni kesi ya gharama ndogo.

Mzee wetu aliishia wapi?

Nilimsindikiza kwa wakili kijana anayetoa ushauri kwa bei nafuu. Hesabu ilipingwa. Nauli zisizokuwa na risiti zikakatwa, na vikao viwili ambavyo havikuwa kwenye kumbukumbu za faili vikaondolewa. Ikashuka mpaka laki moja na elfu kumi. Bado ilikuwa nyingi kwa mtu ambaye mvua ilikuwa imempiga chenga misimu miwili.

Kisha nikafanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya kwanza. Nilikwenda kumsikiliza yule jirani. Nilimkuta hana ubaya wowote. "Ustadh," aliniambia, "mimi nilipatana naye kwa moyo mmoja. Lakini siku aliponishtaki niliuza ng'ombe wawili kumlipa wakili. Wale ng'ombe wangu nani atanirudishia?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu alikuwa na haki. Na hilo ndilo linalosahaulika tunaposema kesi imeisha kwa amani. Kuna mtu ametumia pesa. Tusipolizungumza hilo kwenye mkeka wa suluhu, litazungumzwa baadaye na karatasi yenye mhuri.

Imamu akawakalisha tena. Jirani akasamehe nusu. Nusu nyingine mzee ailipe kwa awamu kila mauzo ya mnada. Safari hii tuliandika. Pande zote zikatia saini, wazee wawili wakashuhudia, na wakili kijana akaiwasilisha mahakamani irekodiwe. Mzee alipotoka pale mlangoni aliikunja nakala yake mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akaupapasa kwa juu kuhakikisha iko.

Basi, ukiwa na kesi mahakamani leo, iwe ya shamba, ya deni au ya mirathi, muulize wakili wako maswali mawili kabla jua halijatua: tukishindwa nitadaiwa kiasi gani, na tukipatana tutaandika nini kuhusu gharama? Akikujibu kwa mkato, muulize tena.